Utangulizi wa Elimu ya Vipokezi vya Ubongo katika Sonona

Mgonjwa akimeza kidonge cha kwanza cha fluoxetine asubuhi, dawa hufika kwenye ubongo siku hiyohiyo. Saa chache baadaye imekwishaanza kuziba pampu zinazorudisha serotonini ndani ya nyuroni, na kemikali hiyo inaongezeka nje ya seli. Kile ambacho vitabu vingi hukitaja kuwa ndiyo kazi ya dawa huwa kimeanza kabla ya jua kuzama. Lakini kesho yake mgonjwa anaamka na sonona yake ileile. Chakula hakina ladha, watoto wakimsemesha hajibu, na kuinuka kitandani kunamshinda. Nafuu ikija, huja kidogokidogo. Wengine huiona wiki ya kwanza au ya pili, wengi husubiri wiki nne, sita, hata nane. Katika wiki hizo zote ubongo unafanya nini?

Elimu ninayokukaribisha humu imelizunguka swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa udaktari, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili na mfamasia wa wilaya, na pia kwa mtu asiye na taaluma ya tiba ila ana dada, baba au rafiki anayetumia dawa hizi na anataka kuelewa zinafanya nini. Biolojia ya sekondari inamtosha. Ninachoamini, na nitakachojaribu kukionyesha, ni kwamba sonona haielezeki kwa kusema kemikali fulani imepungua kichwani. Anayetaka kuelewa dawa zinavyotibu auangalie upande unaopokea ujumbe, namna unavyojibu, na namna unavyobadilika kadiri siku zinavyokwenda.

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni ugonjwa. Haihusiani na uvivu wala uhaba wa imani. Daktari huitambua pale mtu anapokuwa na huzuni nzito, au anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na dalili nyingine: usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, nguvu kuisha, akili kutotulia, kujilaumu kupita kiasi, kuwaza kifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa wakiishi nayo. Katika zahanati zetu mgonjwa mara nyingi hatamki neno sonona. Husema ana mawazo mengi, kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mwili umekwisha nguvu. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupewa vitamini, na hurudi mwezi ujao na maneno yaleyale. Kila mhudumu wa afya Afrika Mashariki amemwona mgonjwa huyu.

Tuanze na misingi. Ubongo wa binadamu una nyuroni zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Kwa kawaida nyuroni moja na ya pili hazigusani. Kati yao pana upenyo mwembamba mno, sinapsi, ambao upana wake ni kama sehemu 20 za milioni za milimita. Mshtuko wa umeme ukifika mwisho wa nyuroni ya kwanza, kemikali humwagwa katika upenyo huo, huvuka, na kunasa kwenye protini zilizopachikwa juu ya nyuroni ya pili. Kemikali hizo ndizo nyurotransmita, na protini zinazozidaka ni vipokezi. Kazi ikiisha, kemikali huvunjwa na vimeng'enya au hunyonywa na pampu kurudi ilikotoka.

Wazo la kipokezi ni la zamani kuliko dawa yoyote ya sonona. Mwaka 1905, John Langley wa Cambridge, aliyekuwa akichunguza nikotini na sumu ya kurare katika misuli, alihitimisha kwamba lazima seli iwe na kitu mahususi cha kupokea kemikali hizo. Hakukiona, alikifikia kwa hoja. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, aliuchochea mshipa wa neva wa moyo wa chura mmoja, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamwagia moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa na neva yoyote. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya maji. Loewi na Henry Dale walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Hapa ndipo wanaoanza huteleza. Huidhani kemikali kuwa na maana yake yenyewe, kwamba serotonini ni furaha na dopamini ni raha. Nyurotransmita ni kama mtu anayebisha hodi: sauti ni ileile mlango hadi mlango, lakini kitakachofuata kinategemea aliyemo ndani. Serotonini ina aina 14 za vipokezi, zilizopangwa katika familia 7, na kila aina hujibu kwa namna yake. Huandikwa kwa alama 5-HT, kifupi cha jina lake la kikemia, 5-hidroksitriptamini. Kipokezi cha 5-HT1A kikishikwa hutuliza nyuroni. Cha 5-HT2A huichangamsha, na ndicho ambacho kemikali ya uyoga wa psilocybe hukishika hadi mtu akaona yasiyokuwepo. Cha 5-HT3 kiko pia tumboni na katika sehemu ya ubongo inayosimamia kutapika. Wauguzi wanakifahamu hata kama hawajasikia jina lake, maana ondansetroni anayochomwa mgonjwa anayetapika huziba hichohicho. Ndiyo sababu mtu anayeanza fluoxetine huona kichefuchefu siku za mwanzo: serotonini imeongezeka kila mahali, tumbo likiwemo.

Niongeze jambo ambalo huulizwa sana. Serotonini nyingi ya mwili imo kwenye utumbo, na ile iliyomo katika damu haivuki kuingia katika ubongo. Ndizi mbivu zina serotonini, lakini kula mkungu mzima hakuongezi chembe ya serotonini kichwani. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, asidi ya amino tunayoipata katika maharage, mayai, samaki na vyakula vingine vya protini.

Dawa za sonona hazikuzaliwa kutokana na nadharia. Zilipatikana kwa bahati, na nadharia ikafuata nyuma. Mapema miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, ndugu wa isoniazidi ambayo kliniki zetu za TB bado zinaitumia. Wagonjwa waliokuwa mahututi walichangamka, wakaanza kula na kutembea wodini. Mwaka 1952 ilionekana kwamba iproniazidi huzuia kimeng'enya cha monoamini oksidesi, kinachovunja nyurotransmita za serotonini na noradrenalini, na mwaka 1957 daktari wa akili Nathan Kline akaripoti kuitumia kwa wagonjwa wa sonona. Baadaye iliachwa kwa sababu ya kuumiza ini, lakini familia yake ilikuwa imekwishazaliwa.

Karibu wakati huohuo huko Münsterlingen, Uswisi, Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa iliyotarajiwa kutibu skizofrenia. Kwa skizofrenia haikufaa kitu. Alipowapa wagonjwa wenye sonona nzito mwaka 1956, aliona wanabadilika. Dawa hiyo ikaitwa imipramini, na kutoka kwake tumepata amitriptilini iliyopo katika karibu kila hospitali ya wilaya. Msomaji anapaswa kujua pia upande wa pili wa historia hii: uchunguzi wa wanahistoria uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa miaka mingi wagonjwa wa hospitali hiyo walijaribiwa dawa nyingi bila ridhaa ya aina tunayoidai leo. Dawa tunazozitegemea zina deni kwa watu ambao hawakuulizwa, na mtafiti yeyote anayeingia katika elimu hii analirithi deni hilo.

Ushahidi wa tatu ulitoka kwenye mmea. Reserpini, inayotokana na Rauvolfia serpentina iliyotumika tangu zamani katika tiba za India, ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wachaga wanaujua ndugu wa mmea huo, msesewe, ambao magome yake hutiwa katika pombe yao ya mbege. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa reserpini hukausha akiba ya serotonini katika ubongo, na baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa hiyo walikuwa wameripotiwa kuzama katika huzuni. Uchambuzi wa baadaye uliona uhusiano huo ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, lakini wakati ule ulionekana kukamilisha picha. Julius Axelrod, aliyepata Nobel mwaka 1970, alionyesha kwamba neva hunyonya noradrenalini iliyoimwaga na kwamba imipramini huzuia unyonyaji huo. Basi dawa zinazoongeza kemikali hizi zinainua moyo, na inayozipunguza inaushusha. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliandika nadharia iliyoweka noradrenalini katikati ya sonona. Mwaka 1967 Alec Coppen wa Uingereza akaitetea serotonini. Schildkraut aliandika kwa tahadhari na alikiri kwamba huenda anarahisisha mno.

Tahadhari hiyo ilipotea njiani. Fluoxetine iliporuhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987 na kuuzwa kwa jina la Prozac, matangazo na hata madaktari waliwaambia wagonjwa kwamba kemikali zao zimepungua na kidonge kinajaza pengo. Waliosema hivyo wengi walikuwa na nia njema, walitaka kumwondolea mgonjwa aibu. Hata hivyo ushahidi haukuwa unasema hivyo. Watu wenye afya wakinyimwa triptofani hadi serotonini yao ishuke, kwa kawaida hawapati sonona. Ajabu ni kwamba wagonjwa waliokwishapona kwa kutumia dawa za serotonini wakifanyiwa hivyo, wengi hurudiwa na dalili kwa muda mfupi, kama watafiti wa Yale walivyoripoti mwaka 1990. Kwa maneno mengine, serotonini inahitajika ili dawa ifanye kazi, lakini kupungua kwake peke yake hakutoshi kuuleta ugonjwa. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake waliupitia ushahidi wa miongo mingi na hawakuona uthibitisho thabiti wa nadharia ya upungufu.

Magazeti mengi yaliruka kutoka hapo hadi kusema kwamba dawa hazifanyi kazi. Mruko huo si halali. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21. Zote zilizidi vidonge visivyo na dawa. Kwa ujumla zilizidi kwa kiasi cha wastani tu, na hilo lisemwe wazi. Kwa mtu mmoja mmoja, wapo wanaopona kabisa, wapo wanaopata nafuu nusu, wapo wasioona chochote hadi wabadilishiwe dawa. Dawa inaweza kusaidia hata kama maelezo ya kwanza tuliyoyatoa kuhusu kazi yake yalikuwa na kasoro.

Turudi basi kwenye vipokezi, maana hapo ndipo hoja ilipohamia. Mwaka 1975 Jerzy Vetulani na Fridolin Sulser, wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, walichukua panya na kuwapa tiba mbalimbali za sonona. Kwa dozi moja hawakuona kitu cha maana. Kwa matibabu ya wiki kadhaa, mwitikio wa seli kwa noradrenalini ulipungua katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, na hali hiyo ilionekana hata kwa tiba ya umeme, ambayo si kidonge kabisa. Nayaona matokeo hayo kuwa ndiyo yaliyoigeuza elimu nzima. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na badiliko la ubongo lililokwenda kwa kalenda ya mgonjwa badala ya kwenda kwa saa ya dawa. Seli iliyomiminiwa ujumbe kwa muda mrefu huvipunguza vipokezi vyake au huvilegeza. Baadaye ilionekana kwamba dawa za serotonini hazifanyi hivyo kwa uhakika kwa vipokezi vya noradrenalini, kwa hiyo hili si jibu la yote, ila njia ilikuwa imepatikana.

Jibu lililofuata lilitoka Montreal, Kanada, kwa Claude de Montigny na Pierre Blier, na linastahili kuelezwa polepole. Serotonini yote ya ubongo hutoka kwa nyuroni laki chache tu, zilizojikusanya katikati ya shina la ubongo katika vituo viitwavyo rafe. Nyuroni hizo zina vipokezi vya 5-HT1A juu ya miili yao wenyewe, kwa hiyo husikia serotonini zinayoimwaga. Kazi ya vipokezi hivyo ni kujidhibiti: serotonini ikizidi, nyuroni hupunguza kasi. Sasa fikiria siku ya kwanza ya dawa. Pampu zimezibwa, serotonini imeongezeka kwenye rafe, vipokezi vya kujidhibiti vinaiona na kuamuru kasi ishuke. Dawa inasukuma mbele na ubongo unavuta nyuma. Katika vipimo vya umeme kwa panya, nyuroni za rafe zilipunguza mwendo siku za mwanzo, kisha baada ya wiki mbili hadi tatu zikarudia kasi yake ya kawaida ingawa dawa ilikuwa bado imo mwilini. Vipokezi vya kujidhibiti vilikuwa vimechoka kuitika. Hapo tu ndipo pampu zilizozibwa na nyuroni zinazofanya kazi kwa kasi kamili vilikutana, na serotonini ikaongezeka kikwelikweli mbele ya ubongo.

Kama maelezo hayo ni sahihi, kuviziba vipokezi vya kujidhibiti tangu siku ya kwanza kungefupisha muda wa kusubiri. Francesc Artigas wa Barcelona na wenzake walijaribu mwaka 1994 kwa pindololi, dawa ya moyo ambayo pia huishika 5-HT1A, na wagonjwa walionekana kupata nafuu mapema. Majaribio yaliyofuata yalitofautiana. Mengine yaliona nafuu ikiwahi, mengine hayakuona tofauti. Catherine Harmer wa Oxford ameleta maelezo ya namna nyingine. Ameonyesha kwamba hata dozi moja inaweza kubadili jinsi mtu anavyosoma nyuso na maneno, akaegemea kidogo upande wa mema, kabla hajajisikia nafuu yoyote. Kwa mtazamo wake, wiki za kusubiri ni muda ambao mtu anaishi tena na watu, sokoni, nyumbani, kazini, na kujifunza upya kutokana na mambo anayoyaona kwa jicho lililobadilika. Navutiwa sana na wazo hili, kwa sababu linaviunganisha vipokezi na maisha.

Vipokezi vinaeleza pia madhara ya dawa, na hapa elimu hii inamfaa mhudumu kila siku. Chukua amitriptilini. Mbali na kuziba pampu za serotonini na noradrenalini, inaziba kipokezi cha histamini cha H1, kilekile kinachozibwa na klorofeniramini ambayo watu wanaijua kwa jina la Piriton. Basi mgonjwa anasinzia na mara nyingi ananenepa. Inaziba vipokezi vya asetilikolini, na mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa. Inaziba vipokezi vya alfa-1 katika mishipa ya damu, na bibi anayeinuka ghafla kitandani usiku anaona kizunguzungu na kuanguka. Mhudumu anayezijua njia hizi tatu hana haja ya kukariri orodha ya madhara, anaweza kuyatabiri. Ataelewa pia kwa nini mzee mwenye kisukari anayepewa dozi ndogo ya amitriptilini kwa maumivu ya miguu hajaambiwa kwamba ana sonona. Yapo pia madhara yasiyopitia kipokezi: kwa dozi kubwa dawa hii huziba njia za sodiamu za moyo, na inaweza kuua. Haifai kumkabidhi mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua kopo la miezi mitatu. Apewe kidogokidogo, na ndugu aitunze mbali na watoto.

Fluoxetine na ndugu zake hazigusi sana vipokezi hivyo vya pembeni, ndiyo maana hazina hatari kubwa kama hiyo zikizidishwa. Zina yake: kichefuchefu, usingizi kukatika, na hamu ya tendo la ndoa kupungua, jambo ambalo wagonjwa wetu wanaona haya kulitaja na huishia kuacha dawa kimya kimya. Waulizwe. Waulizwe pia kama wanatumia tramadoli, iliyosambaa mno katika miji yetu, kwani ikichanganywa na dawa hizi serotonini inaweza kuzidi hadi mwili ukatetemeka, joto likapanda na maisha yakawa hatarini.

Kwa nusu karne elimu hii ilizungumza juu ya serotonini na noradrenalini. Kilichoitikisa ni ketamini, dawa iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na ambayo kila mtoa nusukaputi wa hospitali ya wilaya anaijua. Mwaka 2000 watafiti wa Yale waliwapa wagonjwa wachache wenye sonona dozi ndogo ya ketamini kwa mshipa, na dalili zikaanza kupungua ndani ya saa chache. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake walilithibitisha kwa wagonjwa ambao dawa nyingine ziliwashinda: zaidi ya theluthi mbili walikuwa na nafuu kubwa siku iliyofuata. Ketamini huziba kipokezi cha NMDA, kinachopokea glutamati, nyurotransmita inayotumiwa na sehemu kubwa ya ubongo. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu esketamini ya kupuliza puani. Nafuu ya dozi moja kwa kawaida hufifia baada ya siku chache hadi wiki mbili, dawa inaweza kuleta uraibu na kuharibu kibofu ikitumiwa ovyo, na hakuna anayepaswa kuitafuta nje ya uangalizi wa daktari.

Kuna fumbo ndani ya ketamini ambalo mwanafunzi asilipite. Memantini, dawa ya ugonjwa wa kusahau, nayo huziba NMDA, lakini haikusaidia sonona. Basi kuziba kipokezi peke yake hakutoshi. Wengine wanadhani ketamini hugusa kwanza nyuroni zinazozuia nyingine, glutamati ikabubujika na kushika aina nyingine ya kipokezi, AMPA, na hatimaye miunganisho mipya ya sinapsi ikachipua. Watafiti wa Helsinki wakiongozwa na Eero Castrén walidai mwaka 2021 kwamba ketamini na fluoxetine zote mbili hushika moja kwa moja TrkB, kipokezi cha protini inayokuza nyuroni. Hoja hiyo bado inajadiliwa. Ikithibitika, dawa mbili zilizoonekana hazina undugu zitakuwa zinaingia kwa mlango mmoja. Upande mwingine, sonona ya baada ya kujifungua imepata dawa zinazogusa vipokezi vya GABA, nyurotransmita inayotuliza nyuroni: brexanolone mwaka 2019 na zuranolone mwaka 2023, lakini zilipotoka bei yake haikukaribia mfuko wa mama wa kawaida.

Kabla dawa haijakifikia kipokezi, ini lina usemi wake. Amitriptilini na nyingine nyingi huvunjwa na kimeng'enya cha CYP2D6, na Waafrika hatufanani katika hilo. Aina ya jeni iitwayo *17, inayopunguza kasi ya kimeng'enya, imeenea kusini mwa Sahara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu Watanzania ulionyesha kasi ndogo kuliko ilivyotarajiwa, ilhali nchini Ethiopia karibu watu 3 kati ya 10 wana nakala za ziada za jeni hiyo na huivunja dawa haraka mno. Dozi ileile inaweza kuwa nyingi kwa mtu wa Tanga na ikawa kidogo kwa mtu wa Addis Ababa. Sehemu kubwa ya majaribio ya dawa za sonona imefanyika Ulaya na Marekani Kaskazini, na dozi zilizoandikwa kwenye makaratasi ya dawa zimetoka huko.

Kipokezi kisitufumbe macho. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini Masaka na Rakai, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Hapakuwa na kidonge. Mwishoni, asilimia 6.5 ya waliokuwa kwenye vikundi ndio waliobaki na sonona, kwa kulinganisha na asilimia 54.7 ya wasiokuwamo. Mazungumzo nayo hubadili ubongo, na sioni sababu ya wataalamu wa dawa na wataalamu wa ushauri kugombea mgonjwa mmoja. Mwenye sonona nzito mara nyingi anavihitaji vyote viwili.

Kwa msomaji aliye katika matibabu: usiache dawa ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri, kwani vipokezi vilivyozoea dawa vinahitaji muda wa kuzoea kutokuwa nayo, daktari apunguze dozi hatua kwa hatua. Mwambie kama uliwahi kuwa na siku za furaha iliyopitiliza, kutolala na kutumia fedha bila kipimo, maana huenda ugonjwa wako ni mwingine na dawa hizi peke yake zinaweza kuuchochea. Kijana chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu leo, na nenda hospitali leo.

Kwa mwanafunzi, uwe Dodoma, Eldoret, Mbarara au Bukavu: hesabu za dozi zinazotufaa, jeni zetu, na namna wagonjwa wetu wanavyoitikia dawa hizi bado hazijaandikwa vya kutosha, na hazitaandikwa na mtu mwingine kwa niaba yetu. Usingoje maabara kubwa. Kwa kila mgonjwa unayemhudumia andika dawa, dozi, tarehe ya kuanza, madhara aliyoyapata na wiki aliyopata nafuu, kisha weka daftari hilo mahali ambapo wenzako watalisoma.